Nyirinyiri ya Mwalimu

Wasomali hawana huruma wakianza kupeana majina. Mwenye masikio makubwa ataitwa kwa masikio yake mpaka aingie kaburini, na akinung'unika ataongezewa jina la pili. Ramlo Olow wa mtaa wa Iftin mjini Garissa aliitwa Ramlo Baqo, yaani Ramlo Hofu, wala hakunung'unika, kwa kuwa hata kunung'unika alikuogopa.

Aliogopa radi. Aliogopa mbwa, ngazi ndefu, simu inayolia alfajiri na wanaume wanaocheka peke yao. Wauza maziwa ya ngamia sokoni walikuwa wakimnyatia kwa nyuma na kupiga dumu tupu ili wamwone anavyoruka. Akisharuka, nao wakishacheka, yeye pia hucheka huku amejishika kifua. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," aliwaambia. "Nichekeni tu. Bado sijazikwa."

Sasa mtu wa namna hii nani angempa kazi ya kulinda moto? Lakini riziki haimchagui mwenye moyo mgumu. Mumewe alipofariki akamwacha na binti yake Sahro, shule moja ya sekondari iliyo kando ya laga, mkondo mkavu unaojaa wakati wa mvua, ilimpa kazi ya kufagia, na baada ya miaka kadhaa ikamkabidhi ufunguo wa maabara. Aoshe vyombo vya kioo, apange chupa, afunge mlango. Alidhani amepata kazi ya kivulini. Maskini, hakujua anaingia kuishi na nani.

Wiki ile ya kwanza alimwona mwalimu Koome, Mmeru mrefu aliyefundisha kemia, akitoa kwa koleo kipande cha kitu kilichokuwa kimezamishwa katika mafuta ya taa ndani ya chupa ya kahawia. Alikikata kwa kisu kwa urahisi, kama kipande cha sabuni. Ndani kiling'aa kama shilingi mpya, kisha kikafifia palepale mbele ya macho ya wasichana. Mwalimu akachukua chembe isiyozidi punje ya dengu, akaitupa katika beseni la maji. Chembe ikachachamaa. Ilikimbia juu ya maji ikizomea, ikajizungusha, ikawaka moto wa manjano, ikalia pa! ikatoweka. Wasichana walipiga makofi. Ramlo alitolewa chini ya meza.

"Ile ni sodiamu, Mama Sahro," Koome alimwambia baadaye kwa upole, maana alikuwa mtu wa subira. "Ni metali, lakini si kama msumari. Ikikutana na maji inayavunja, inatoa hewa inayowaka, na joto lake lenyewe ndilo linaloiwasha."

"Na ile ilikuwa chembe tu, maalim?"

"Chembe tu."

Ramlo akaitazama chupa. Vipande vilivyobaki humo kila kimoja kilikuwa kikubwa kama kiberiti. Tangu siku ile hakuipa chupa hiyo mgongo.

Koome ndiye aliyemfundisha kusoma jedwali la elementi lililobandikwa ukutani. Alimwambia asihangaike kuwahesabu mmoja mmoja, bali awatazame kwa safu za kushuka, kwa kuwa kila safu ni ukoo, na ukimjua mmoja umewajua ndugu zake. Hilo Ramlo alilielewa mara moja. Nani Garissa asiyeelewa koo? Ukoo wa kwanza ni wa wakali: lithiamu, sodiamu, potasiamu. Kila mmoja ana elektroni moja ya nje inayomkera, hatulii mpaka ampe mwingine, na kadiri unavyoshuka safuni ndivyo ukali unavyozidi, hata potasiamu humfanya sodiamu aonekane mpole. Wa pili nao wana hasira, ila wana adabu kidogo. Huko yuko kalsiamu wa mifupa na maziwa, na magnesiamu anayewaka mwanga mweupe wa kuumiza macho. Upande wa pili wa ukuta lipo kundi la saba, nao kazi yao ni kutafuta hiyohiyo elektroni moja: klorini inayotiwa matangini tusipate kipindupindu, iodini ya kahawia ya kupaka majeraha, na florini, ambayo ikizidi katika maji ya kisima huyatia meno ya watoto rangi ya chai.

"Sodiamu na klorini wakioana," Koome alisema, "wanazaa chumvi."

"Hii chumvi ya kula?"

"Hiyohiyo unayotia kwenye mchele."

Jioni ile Ramlo alikula chakula kisicho na chumvi.

Aliowapenda walikuwa wa mwisho kabisa ukutani, heliamu, neoni na agoni. Hawatoi, hawapokei, hawagombani na mtu. Hufungiwa ndani ya balbu na taa za matangazo ya maduka, wakafanya kazi yao kimya. Lau binadamu angepewa nafasi ya kuchagua ukoo wa kuzaliwa, Ramlo angechagua huo, akakaa humo na mlango akaufunga.

Na ili asisahau jambo la muhimu, Koome alimpa mfano wa nyumbani. Wakati huo alikuwa amekwisha kuonja nyirinyiri, zile nyama za ngamia zinazokatwa vipande vidogo, zikaanikwa, zikakaangwa na kuzamishwa katika samli zikae miezi. Aliipenda kupita wenyewe. "Sodiamu ni kama nyirinyiri yenu," alisema. "Nyirinyiri isipofunikwa na samli inaharibika. Sodiamu isipofunikwa na mafuta ya taa inakuharibu wewe." Basi kila asubuhi, kabla hajagusa ufagio, Ramlo aliinua chupa kwa mikono miwili kuhakikisha kwamba mafuta yamefunika vipande vyote. Miaka ilipita hivyo. Aliogopa kila siku, na kila siku alifanya kazi yake, na kwa kweli sijui kama kuna namna nyingine ya kulinda kitu kama kile.

Kisha ikaja masika ile ya mafuriko. Mto Tana ulivimba, ukala mashamba, ukaingia mitaa ya bondeni na kuwatoa watu vitandani. Barabara ya Madogo ilikatika, na Koome, aliyekuwa amekwenda kwao Meru kwa likizo, akabaki hukohuko. Shule ikafunguliwa kwa waliokosa pa kulala. Yalijaa madarasa yote, na yalipojaa ikafunguliwa maabara, kwa kuwa sakafu yake ilikuwa juu ya vidato. Familia zikaingia na magodoro, mbuzi na majiko yao. Sahro naye, nyumba yake ikiwa imeingiwa na maji, akaja na binti yake Kaaha, msichana wa miaka sita asiyeweza kukaa mbali na sufuria inayochemka.

Asubuhi moja Ramlo alifungua stoo ya kemikali, iliyokuwa chini nyuma ya maabara, akakuta maji yamepenya chini ya mlango, na kabati la kufuli, mahali ilipokaa chupa ya kahawia, limevimba na kuegemea upande. Aliitoa chupa, akaikumbatia kama mtoto mchanga, akampigia Koome simu.

"Iweke juu, pakavu, ndani ya maabara," Koome alisema. "Halafu nisikilize, Mama Sahro. Waambie watu wote waliomo humo ni kitu gani. Wote. Usimwache hata mmoja."

"Nitawaambia, maalim."

"Niahidi."

"Wallahi nitawaambia."

Aliingia maabara akiwa na nia hiyo kweli. Lakini alipoiona ile halaiki, majiko yanafuka, nguo mbichi zimeanikwa kila mahali, watoto wanachuruzika maji, alisita. Akiwaambia itakuwaje? Aliyaona yote kwa macho ya moyo: wanawake wanapiga mayowe, watoto wanakanyagana mlangoni, na kijana mmoja shujaa anainyakua chupa na kuivurumisha katika maji ya laga ili awaokoe wenzake. Na kama hawangekimbia, basi wangecheka. Ramlo Baqo amekuja na jini lake la chupani! Hilo la pili, Mungu amsamehe, lilimuuma kuliko la kwanza.

Alipanda juu ya kiti, akaiweka chupa kwenye rafu ya juu kabisa.

"Hiyo nini, Ramlo?" mwanamke mmoja aliuliza. "Umeibeba kama yai."

"Nyirinyiri," Ramlo akasema. Neno lilimtoka lenyewe. "Nyirinyiri ya mwalimu Koome. Ni amana, msiiguse."

Wakacheka kidogo, kwamba hata mtu wa bara siku hizi hali bila nyirinyiri, na mambo yakaishia hapo. Ramlo akajisifu moyoni. Amana ni amana. Hata mwizi huona haya kula chakula cha mwalimu alichoachiwa mtu kulinda. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo mwoga ni fupi zaidi.

Alikuwemo humo ndani mama mmoja mzee, Qali, aliyekuja mjini kutoka Balambala kumtembelea mwanawe, maji yakamkuta hapo. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye sauti ya kuchungia ngamia, na hakuna kilichomkera kama uzembe. Usiku alipata harufu ya mafuta ya taa. Asubuhi akaipata tena. Alifuata pua yake mpaka kwenye ile rafu, akaelewa, kwa akili yake njema, kilichotokea. Mtu amegeuza taa vibaya, mafuta yameingia katika chakula cha watu. Wamekaribishwa katika nyumba ya mwalimu, naye hayupo, nao wamemharibia akiba yake! Kwa Qali hiyo haikuwa ajali. Ilikuwa fedheha.

Alingoja Ramlo aende langoni kupanga foleni ya unga wa msaada. Hakungoja kwa kujificha. Alitaka tu kumwondolea mwoga yule wasiwasi, arudi akute kazi imekwisha. Aliiteremsha chupa, akamwaga mafuta ya taa katika mkebe na kuufunika vizuri, kwa kuwa mali ya mtu ni mali ya mtu. Vipande, ambavyo miaka ilikuwa imevitia ukoko wa kahawia kama nyama kavu, akavitoa kwa kijiko, akavipanga juu ya sinia kavu. Akabandika sufuria ya maji. Nyirinyiri iliyoingiwa na mafuta ya taa huoshwa kwa maji ya moto, ikakaushwa, ikakaangwa upya kwa samli mpya, na samli alikuwa nayo, ya kwake, aliyoitoa Balambala. Kaaha alichuchumaa mbele ya jiko, kidevu juu ya magoti, akingoja maji yachemke.

Ndivyo Ramlo alivyowakuta. Alisimama mlangoni ameloa chapachapa, mfuko wa unga kichwani, na cha kwanza alichokiona ni rafu tupu. Kisha sinia juu ya meza. Kisha mvuke. Kisha kichwa cha mjukuu wake kikiwa karibu na sufuria kuliko kichwa cha mtu mwingine yeyote.

Mfuko ulianguka. Akapiga ukelele ambao hata yeye hakuutambua.

Na wao wakacheka! Siwalaumu. Walikuwa wamemsikia akipiga ukelele kama huo kwa mjusi, kwa radi, kwa mlango uliopigwa na upepo. "Ameona nini tena?" mmoja akauliza. Ramlo aliwaruka watu na magodoro, akamshika Kaaha mkono, akamvuta kwa nguvu hata mtoto akalia, akamtupa nyuma ya meza ya zege. Watu wakazidi kucheka, isipokuwa Sahro, ambaye aliuona uso wa mama yake na kusimama.

"Eddo Qali," Ramlo akasema, akihema. "Weka chini. Tafadhali, shangazi, weka chini."

Qali alikuwa na kipande kimoja kwenye kijiko. "Kwani kuna nini?"

Hapo ndipo ulipokuwa wakati wenyewe. Maneno matatu tu: si nyirinyiri, eddo. Lakini maneno hayo yalikuwa na mengine nyuma yake: mimi nimewadanganya, nyote, na watoto wenu wamelala chini yake. Macho ya chumba kizima yalimkodolea, na hofu ile ndogo ya aibu ikaikaba koo hofu kubwa. Akafungua mdomo. Akasema:

"Maji... usi... maji."

Qali akamwonea huruma. Kweli, huruma ndiyo iliyokuwa usoni mwake, kama ya mtu anayemtuliza ndama. "Mwanangu," akasema, "maji yanakutisha nini? Ni maji tu. Tazama."

Akakiinamisha kijiko.

Kishindo kilipasua vioo vya dirisha. Mwali wa manjano uliruka mpaka darini, sufuria ikarushwa, maji ya moto yakatapakaa, na chumba kikajaa moshi mweupe wenye kuwasha koo. Kila kitu alichokiogopa Ramlo kilitokea kwa mara moja, mayowe, kukanyagana, mbuzi wakiruka juu ya watu. Kaaha, nyuma ya meza ya zege, hakuguswa. Sinia lilikuwa kwenye meza ya mbali, matone ya maji hayakulifikia; ni Mungu tu. Ramlo alijifuta mikono kwenye godoro kavu mpaka ngozi ikauma, akashika vile vipande kwa koleo, kimoja kimoja, akavirudisha ndani ya mkebe wa mafuta ya taa. Koleo lilikuwa likigonga mkebe, na kila lilipogonga alifumba macho.

Qali alikuwa ameketi sakafuni, viganja usoni. Hakulia. Sahro alikwisha kumpata Koome kwenye simu, na sauti ya mwalimu ilisikika mpaka mlangoni: "Macho! Muoshe macho kwa maji safi, mengi, na msiache mpaka mfike hospitali!" Basi Ramlo akachukua dumu la maji ya kunywa, maji yaleyale, akamlaza yule mama mapajani pake na kummiminia, huku akimwambia Sahro asitoke mlangoni, mtu asiuguse ule mkebe wala asiutupe nje.

Katika zahanati muuguzi aliyekuwa zamu, Zilpah, mwanamke wa kutoka Vihiga, aliendelea kuosha kwa muda mrefu, akafunga jicho la kushoto na mkono wa kulia. Alimvuta Ramlo pembeni. La kulia litapona, akasema. La kushoto hakuahidi kitu.

"Mama, unasikia maumivu?" Zilpah akamwinamia Qali.

"Mimi iko sawa, daktari," Qali akajibu kwa Kiswahili chake. "Jicho moja bado nafanya kazi. Nibe maji ya kunywa."

Walipobaki wawili, Qali alirudia lugha yao. Alinyoosha mkono mzima akaupapasa mkono wa Ramlo mpaka akaushika. "Ramlo. Jiko lile lilikuwa na kitu, au sufuria ile. Sijui. Lakini kile kipande cha mwalimu nimekipoteza. Mwambie anisamehe. Samli yangu iko pale kwenye kikapu, uikaange iliyobaki, usiiache iharibike."

Ramlo aliogopa mambo mengi maishani, na mengine nimeyataja. Yote yakiwekwa pamoja hayakufika nusu ya dakika ile. Alitamani paa liporomoke, alitamani Zilpah arudi, alitamani mtu yeyote aingie aulize kitu chochote.

"Haikuwa nyirinyiri, eddo," akasema.

Qali akamgeuzia uso wenye bendeji.

"Ni dawa ya kufundishia. Ikigusa maji inalipuka. Mwalimu aliniambia niwaambieni wote, nikamwapia. Niliogopa mtakimbia. Niliogopa mtanicheka."

"Ulijua."

"Nilijua."

Mvua ilipiga mabati. Ramlo alingoja laana, na angeipokea, kwa kuwa laana ya mzee aliyeumizwa haikosi njia. Lakini Qali hakuutoa mkono wake.

"Mimi nimelala na fisi nje ya boma, nimevuka laga na mtoto mgongoni," akasema taratibu. "Unadhani sijui kuogopa? Ungeniambia ningeogopa vizuri tu. Hofu yote umejiwekea mwenyewe, Ramlo, sisi tukabaki bila. Ungetugawia kidogo."

Ramlo akainamisha kichwa juu ya ule mkono akalia, na Qali akamwacha alie. Kisha akamwuliza kama mkebe bado uko mle ndani, na kama watoto bado wako palepale shuleni, na Ramlo alipoitikia yote mawili, mzee akamsukuma begani, aende akawaambie.

Alirudi shuleni kwa miguu, kwenye tope na mvua. Watu walikuwa wamesongamana barazani, hakuna aliyethubutu kuingia, na Sahro alikuwa bado amesimama mlangoni, mikono imekamata miimo. Walipomwona hakuna aliyecheka. Ramlo akasimama mbele yao, akamwita kila mama kwa jina lake asogee na watoto wake, akaanza kuwaambia.